Viti Sita na Mulango wa Bleu

Jumatatu, tarehe 1 mwezi wa tatu 2004

Muzee Nathanaël, chef wetu wa avenue, amepita leo asubuhi na cahier mupya ya kuandikia chini ya kwapa. Mulango kwa mulango. Anasema watu wameanza kurudi Bunia, wengine kutoka Kpandroma, wengine kutoka ng'ambo ya ziwa, na kila mutu anadai nyumba yake. Kwa hiyo mwisho wa mwezi ataandika liste: parcelle ya nyumba fulani, mwenyewe fulani. Akishaandika, basi. Nilimuuliza ataandikaje, maana karatasi zote za quartier yetu ya Saio ziliungua ao zilifungiwa karanga. Akajibu ataandika vile watu wa avenue wanasema. Nyumba ni ya yule ambaye watu wanasema ni yake.

Nilimupa chai. Alikunywa akiangalia mulango wangu wa rangi ya bleu, kisha akaenda.

Mulango wangu. Hapa kuko neno la kueleza, na kwa kuwa cahier hii ni yangu peke yangu, nieleze. Nyumba hii ilijengwa na mutu anayeitwa Vital. Sikumujua. Mwaka jana mwezi wa tano, wakati mji ulipigwa, chumba changu karibu na soko kiliungua pamoja na katoni zote za sabuni niliyoleta kutoka Butembo. Miye na Kahindo muke wangu tulikimbia na sufuria moja na redio. Tulikuta nyumba hii wazi, mulango unapiga-piga na upepo. Tuliingia kwa wiki mbili tu. Sasa ni miezi kumi.

Nimeziba mabati matatu. Nimetoa nyoka mu choo. Nimepanda mboga ya lenga-lenga. Mutu akifanya kazi yote hiyo, nyumba haianzi kumuzoea? Nilimuuliza Kahindo hivyo. Alisema nyumba si mbwa.

Saa kumi nilishuka ku muto Nyamukau kuchota maji. Watoto walikuwa wanashindana kwenye zile mbao mbili za kuvukia, nani wa kwanza kupita Kilalo cha Josaphat. Kilalo cha Josaphat! Miaka yote zile mbao hazikuwa na jina. Josaphat jirani yangu hakuzitengeneza, hakuleta hata musumari mumoja. Alifanya kitu kimoja: alikuwa parrain, mwenye kulipia, wa kitabu cha muchezo cha mwalimu Gracieuse, akaomba ndani yake kuwekwe kilalo chenye jina lake. Watu wamecheza kile kitabu miezi miwili. Na sasa jina limetoka mu kitabu, limeshuka mupaka ku muto.

Nilisimama pale na bidon yangu, nafikiri, hadi mama mumoja akaniambia nichote ao nitoke njiani.

Nikajiambia: Isidore, weye ni mutu wa akili.

Jumatano, tarehe 3

Nimeenda kwa Gracieuse. Anakaa nyuma ya parokia, chumba kimoja na baraza. Alikuwa anafundisha shule ya musingi huko Kpandroma kabla vita haijamuleta hapa. Muzungu mumoja wa shirika, aliyekuwa amepanga kwa shangazi ya Gracieuse, alimufundisha huu muchezo kabla ya kupandishwa ndege haraka-haraka bila hata kumaliza chai. Alimuachia mufuko wa dadu za ajabu. Moja iko na nyuso makumi mbili. Kitabu cha yule muzungu kilikuwa na majoka na mapanga. Gracieuse alisema mapanga watu wameshaona ya kutosha, akaanza kuandika vitabu vyake mwenyewe, vya inchi yetu.

Muchezo ni hivi. Watu watano ao sita wanakaa. Gracieuse anasoma: mumefika hapa, mvua inanyesha, mbele kuko mutu. Kila muchezaji iko na mutu wake kwenye karatasi, muchuuzi, muganga, mwenye ng'ombe, na anasema mutu wake anafanya nini. Jambo likiwa gumu anatupa dadu, na dadu inasema amefaulu ao amekosa. Hakuna anayeshinda. Wanatoka tu hapa mupaka pale. Katika kitabu cha kwanza wanatoka Bunia, wanapita Bogoro, wanafika ziwa. Ni njia ambayo leo hakuna anayeipita na moyo mutulivu. Watu wazima wanakaa masaa matatu juu ya matofali kusudi wafike Bogoro. Nilicheka. Kisha nikaacha kucheka, sijui kwa nini.

Parrain analipia karatasi na kopi. Jina lake linawekwa ukurasa wa kwanza, na anachagua fasi moja, pahali anapopenda, iingie mu safari. Nikasema niko tayari. Kitabu cha pili kiwe cha hapa Saio, na ndani yake kuwe nyumba ya mulango wa bleu, ya Bwana Isidore.

Gracieuse alisema karatasi parokia imeshamupa. Kitu anakosa ni viti. Matofali yanaumiza wazee.

Viti! Mungu iko. Mu nyumba kuko viti sita vya mbao ya libuyu, vizito, vyenye mugongo wa kuchongwa. Nikasema nitaleta sita. Akaniangalia sana, akauliza kama vile viti ni vyangu. Nikajibu viko kwangu. Hilo si uongo.

Ijumaa, tarehe 5

Viti vimeenda. Safari mbili za kinga, ile baiskeli ya kukodi, kiti juu ya kiti. Mwenye kinga alisema vizito sawa muchumba mwenye hasira.

Kahindo alipika bukari ya unga wa muhogo, akaweka sahani chini, tukala chini. Meza imebaki peke yake katikati ya nyumba, ndefu, bila kiti hata kimoja. Nilisema kukaa chini ni kuzuri kwa tumbo. Alijibu kwamba chini ya kila kiti kuko alama ya kisu, V na G, aliziona siku alipovipangusa. Nikamuuliza kwa nini anapangusa viti chini. Akasema kwa sababu mwenyewe angevipangusa.

Kahindo iko hivyo. Sahani za nyumba hii hajawahi kulia hata moja. Alizifunga zote mu gazeti mwezi wa tano, akaziweka juu ya kabati. Tunakula mu zetu mbili za plastiki.

Nilipitia kwa Gracieuse kuona ameandika nini. Kidogo! Mistari minne! Nikamuomba aongeze kwamba Bwana Isidore ni muchuuzi mukubwa, nyumba yake haikosi kitu. Alisema nyumba isiyokosa kitu haina habari, wasafiri wataipita tu. Lazima kuwe shida. Nikasema shida aweke kwa Josaphat. Alicheka, akaandika: «Mu ile nyumba kuko mutu mumoja ambaye watu wanamungojea.»

Inapendeza. Nyumba ya watu wakubwa daima kuko mutu anayengojewa.

Jumanne, tarehe 9

Siku kubwa. Kopi makumi ine zimetoka. Mashine ya moto, groupe, ilizimika mara mbili, lakini zimetoka. Ukurasa wa kwanza: «Njia za Saio. Parrain: Bwana Isidore.»

Hapo akili yangu ikafanya kazi tena. Kopi ni karatasi tu, na karatasi bila cachet, bila muhuri, ni ya kufungia karanga, kila Mukongomani anajua. Katika ule moto wa soko niliokoa cachet ya biashara yangu, ilikuwa mu mufuko wa suruali. Nimekaa chini mbele ya ile meza, nikapiga cachet kwenye kopi zote, pa! pa! pa! juu ya mustari unaosema nyumba ya mulango wa bleu ni ya Isidore. Wino ni mwekundu. Mukono unaniuma hadi sasa.

Moja nimeipeleka mbio kwa muzee Nathanaël. Nilimwambia huu si muchezo tu, ni document, aangalie cachet. Alivaa miwani. Alisoma kurasa zote, polepole, na kidole. Nilingojea atoe ile cahier ya liste. Badala yake aliuliza wanacheza siku gani, na kama mutu wa miaka yake anaweza kupewa karatasi ya muganga.

Nikirudi nikakutana na Josaphat. Alisema amesikia miye pia nimekuwa parrain. Akasema hongera, lakini kilalo chake kinavukisha watu, nyumba yangu inafanya nini? Nikamwambia nyumba inakaa watu. Akauliza, watu gani? Wivu ni ugonjwa.

Jumapili, tarehe 14

Nimeandika mistari mitatu nikaifuta. Tuanze tena.

Baada ya misa tulienda kwa Gracieuse kuona muchezo wa kwanza wa kitabu changu. Watu sita kwenye viti sita, na baraza imejaa wenye kuangalia, mupaka juu ya kuta. Nimevaa koti. Gracieuse anasoma: mumeshuka avenue, jua kali, mukono wa kuume kuko nyumba ya mulango wa bleu, ya Bwana Isidore. Munafanya nini?

Nilikuwa nimejiandaa kwa salamu. Muzee Nathanaël, na karatasi yake ya muganga, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa kwamba muganga wake anabisha hodi na kuuliza Vital iko wapi.

Gracieuse alisema kitabu hakina mutu wa jina Vital. Wakasema sawa, lakini watauliza. Wote sita! Muchuuzi akauliza. Mwenye ng'ombe akauliza. Wakatupa dadu kusudi wajue kama Bwana Isidore anasema kweli. Dadu ikasema hapana.

Kisha muchezo ukasimama, wakaanza kuongea tu. Mumoja akakumbuka muti wa avoka wa nyuma ya nyumba, vile Vital aliwaachia watoto wa avenue yote wapande. Mwingine akakumbuka arusi yake na Godelive, vile viti sita vilitoka kwa fundi, baba ya Godelive, vikabebwa ku kichwa nyuma ya maarusi, watu wanaimba. Wakauliza nani anajua walikimbilia wapi. Mumoja alisikia Kpandroma. Mama mumoja alianza kulia. Hapo walikuwa wamekaa juu ya vile viti, na hakuna aliyeangalia chini.

Tangu wiki ya kwanza, waliponiambia nyumba ni ya Vital, hakuna mutu hapa Saio aliyetaja tena jina lake. Nilifikiri wamemusahau. Kumbe walikuwa wanangoja mutu awape fasi ya kumutaja, na ile fasi nimeilipia miye. Na viti nimeongeza juu.

Josaphat alinishika bega wakati wa kutoka. Alisema kitabu chake kilikuwa cha kilalo tu, lakini changu kimegusa watu. Ningeweza kumupiga.

Jumatano, tarehe 17

Nimeomba Gracieuse atoe nyumba yangu mu kitabu. Haiwezekani. Kopi zimeenda, kumi ziko huko ku site ya wakimbizi karibu na uwanja wa ndege, wanacheza kila siku, wanatumia punje za mahindi badala ya dadu. Huko pia wanabisha hodi. Huko pia wanamuulizia Vital.

Lakini ameniambia kitu cha kufaa. Parrain iko na haki ya kukaa mu muchezo mara moja na kusema kwa kinywa cha mutu wake mwenyewe. Basi! Jumapili Bwana Isidore atafungua mulango yeye mwenyewe. Wakimuuliza Vital iko wapi, atasema: nyumba imejaa, mupite. Mara moja, kwa sauti kavu, mbele ya watu wote. Watazoea.

Nimefanya mazoezi. Nimemuomba Kahindo asimame inje abishe hodi. Alikataa. Nikabisha miye mwenyewe kisha nikazunguka kujijibu.

Alikuja akakaa karibu nami chini ya avoka. Akaniuliza kama ninakumbuka siku tulipoingia. Ninakumbuka. Kuko vitu sipendi kuandika. Mu jikoni kulikuwa sufuria juu ya mafiga, bukari ndani, mwiko umesimama ndani ya bukari. Majivu yalikuwa bado na joto kidogo. Na juu ya meza cahier ya mutoto, Clarisse, troisième primaire, dictée imekatika katikati ya neno. «Ng'ombe ya mama inakula maj». Hapo basi. Nilifunga ile cahier nikaiweka nyuma ya redio. Miezi kumi nimesikiliza habari na ile cahier nyuma ya redio.

Kahindo alisema hata siye tuliacha sufuria ingine siku ya moto. Tungependa mutu aliyeikuta afanye nini?

Nikasema sufuria yetu iliyeyuka, hakuna aliyeikuta. Aliinuka akaenda kuwasha moto. Jibu langu lilikuwa zuri lakini halikunifurahisha.

Jumapili, tarehe 21

Sijui kama nitaandika vizuri. Macho yangu yamevimba.

Baraza imejaa kupita siku ile. Watu wa site wamekuja pia. Wachezaji: muzee Nathanaël, Josaphat (nani alimwalika?), vijana wawili wa chorale, miye, na mama mumoja mwembamba kutoka site, kikwembe cha kijani kilichochakaa. Gracieuse alisema ni muchezaji mupya, apewe nafasi. Alipokaa alipitisha mukono chini ya kiti chake, polepole, sawa mutu anayetafuta funguo. Kisha akaweka mikono juu ya magoti, akatulia. Nilifikiri anaogopa misumari.

Gracieuse akasoma. Mvua inaanza, avenue inakuwa matope, mbele kuko mulango wa bleu. Nani anabisha? Yule mama akasema mutu wake anabisha. Mutu wake ni musafiri, iko na muzigo na watoto wawili.

Gracieuse akanigeukia. Bwana Isidore, kuko mutu ku mulango.

Nilikuwa na maneno yangu tayari. Nikasema: ni nani? Nilingoja aseme Vital. Hakusema Vital. Aliangalia dadu, akasema:

«Ni miye. Niliacha sufuria ku moto. Nimekuja kuitoa.»

Gracieuse akaniambia kwa upole kwamba kama Bwana Isidore anataka kufunga mulango, moyo wa mutu ni mugumu lakini si jiwe, atupe dadu. Juu ya kumi amefaulu, anafunga. Nilitupa ile ya nyuso makumi mbili. Ilizunguka sana. Kumi na tisa!

Nilifaulu. Josaphat akapiga muluzi. Nilikuwa na haki ya kufunga, dadu imesema, wote wameona. Nikafungua kinywa niseme nyumba imejaa, na kitu nilichoona ni ule mwiko umesimama ndani ya bukari.

Nikasema:

«Ingia, mama. Ni nyumba yako. Siye tulikuwa tunaichunga tu.»

Muzee Nathanaël alivua miwani akaipangusa. Yule mama akajibu aksanti, kwa sauti ya chini, akashika kiti chake na mikono miwili. Nililia. Nililia mbele ya Josaphat! Na watu wakapiga makofi, vijana wa chorale wakaimba, wamama wakanishika mukono wakisema kumbe Isidore iko na moyo.

Nimerudi nyumbani miguu haigusi chini. Sikujua wema ni mutamu hivi. Na haugharimu kitu! Bwana Isidore wa kitabu ametoa nyumba yake yote, na Isidore wa kweli bado iko na nyumba yake. Kwa heshima niliyopata leo, muzee Nathanaël ataandika jina langu bila hata kuuliza. Nilimweleza Kahindo yote. Aliuliza yule mama anaitwa nani. Nikasema sikuuliza, ilikuwa muchezo.

Jumatatu, tarehe 22

Saa mbili asubuhi, hodi.

Kikwembe cha kijani. Muzigo ku kichwa. Watoto wawili, musichana na kadogo kamoja ka kiume kanashika kikwembe. Nyuma yao muzee Nathanaël na cahier.

Anaitwa Godelive. Alisema kwa adabu kabisa:

«Baba, jana ulisema niingie.»

Nikasema ee mama, lakini ile ilikuwa muchezo. Muzee Nathanaël akakohoa. Akatoa kopi yake ya kitabu, imekunjwa vizuri, akaifungua kwenye cachet nyekundu. Akanikumbusha kwamba miye mwenyewe nilikuja mbio kumwambia huu si muchezo tu, ni document. Kama kitabu ni document, basi na maneno niliyosema ndani ya kitabu ni document, na watu zaidi ya makumi ine wameyasikia, wengine wameyalilia. Akauliza kama cachet hii si yangu.

Ni yangu. Inasema «Sabuni Bora, Butembo», lakini ni yangu.

Niliuliza kuhusu Vital. Nilihitaji kuuliza kitu. Godelive alisema Vital alikufa mwezi wa kumi na moja, huko Kpandroma, homa, dawa ilikosekana. Alisema hivyo tu, akaangalia avoka. Alisema huko ku site alisikia watu wanacheza muchezo wa kumutafuta bwana yake, akashangaa, akaja kuona ni nani anayemutafuta. Kisha akakaa kwenye kiti chake cha arusi.

Nilianza kupangusa vumbi ku mulango wa bleu na kiganja.

Kahindo alikuwa amekwisha kupita mbele yangu. Alishusha muzigo wa Godelive ku kichwa. Akapanda kwenye ndoo, akashusha zile sahani juu ya kabati, akazifungua mu gazeti moja-moja, akazihesabu kwa sauti: kumi na moja, moja ilikuwa imeshavunjika tulipoingia, vipande viko humu. Godelive alishika vipande akalia hapo, na Kahindo akalia naye, na kale katoto kakalia kwa sababu wengine wanalia. Miye nilienda nyuma ya redio. Nilimupa musichana cahier yake. Aliifungua, akaomba kalamu. Nikamupa hii ninayoandikia. Aliandika herufi tatu baada ya ile «maj», a, n na i. Halafu akaweka nukta.

Niliingia mu choo, nikakaa mule kidogo.

Godelive amesema hatatufukuza. Nyuma kuko kale kachumba ka kuhifadhia maharage, tukae mupaka mvua iishe. Amesema yeye hawezi kuweka inje mutu aliyefunga sahani zake mu gazeti. Alikuwa anamuangalia Kahindo.

Jumatano, tarehe 31

Liste imebandikwa ku mulango wa muzee Nathanaël. Parcelle ya mulango wa bleu: mujane Godelive. Hakuna aliyebisha. Nilisimama pale na wengine nikasema ni haki, na ni kweli, ni haki, nilisema kwa moyo wote. Watu walinishika mukono tena. Josaphat pia. Alisema sasa kila mutu Saio anajua jina langu. Alisema bila wivu, na hilo liliniumiza zaidi.

Viti vimerudi vyote sita, safari mbili za kinga. Jioni Godelive alituita tukale mu nyumba. Kahindo alikula mu sahani ya kweli. Clarisse alisoma dictée. Niliangalia ile meza, imezungukwa na viti vyake, nikawaza mambo mengi juu ya maisha ya mutu: ninalala mu chumba cha maharage, na nimelala vizuri kuliko ile miezi kumi yote. Hilo nalo ni la kufikiri. Nilikuwa nimeanza kulifikiri.

Lakini kuko jambo. Nimesoma liste mara tatu. Nyumba zote za avenue zimeandikwa. Kachumba ka maharage hakakuandikwa. Hakana jina la mutu yeyote.

Nimepita kwa Gracieuse, kumusalimia tu. Anaandika kitabu cha tatu, bado anatafuta parrain wa kuchagua fasi. Viti, ameshapata mabenchi ya parokia. Kitu anakosa sasa ni meza, ndefu, ya kutosha watu kumi.

Nimemwambia asitafute tena. Mu nyumba kubwa kuko meza moja ya libuyu, na Godelive na watoto ni watatu tu. Watu watatu wanafanya nini na meza ile?